Shangazi, friji halijamaliza hata mwaka limekufa, dukani wanasema ni umeme

SHANGAZI SHIKAMOO,

Naomba unifichie jina, niite tu Mama Barafu wa Mbagala, ndo wanavoniita hapa mtaani.

Shangazi mimi mwanzoni mwa mwaka nilinunua friji jipya Kariakoo, la milango miwili, friza juu friji chini. Zamu yangu ya kikoba ilikuwa imefika nkaongezea na akiba yangu ya barafu, jumla laki nane na nusu, hela ambayo kwetu sio ndogo. Nilienda na wifi yangu maana yeye ndo anajua kubishana bei. Yule kijana wa dukani akatuuliza mnataka la kazi gani, nkamwambia mi nauza barafu za ubuyu na za ukwaju hapa nyumbani, na juisi kidogo, akasema mama chukua hili, hata ujaze barafu usiku kucha linahimili, na lina waranti mwaka mzima, kompresa yenyewe miaka mitano. Wifi alikuwa pembeni anasikia. Wakalichomeka pale pale, taa ikawaka, tukasikia linaunguruma, tukapakia kwenye kirikuu tukaja nalo.

Kwakweli lilifanya kazi vizuri tu, sikuwa na malalamiko. Sasa mwezi wa saba tangu nilinunue, siku moja jioni umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, yani ndani ya muda mfupi tu, taa zikawa zinafifia kama kibatari. Asubuhi nafungua friza nakuta barafu zote maji. Taa ya ndani inawaka kama kawaida lakini haliungurumi, ila ukitega sikio kule nyuma linafanya "mmmm" kidogo afu "tak", kimya. Unakaa dakika kadhaa tena "mmmm, tak".

Mume wangu akamwita fundi rafiki yake, akafungua kile kibati cha nyuma chini akashikashika akasema gesi imeisha na kompresa nayo imechoka, leteni laki na themanini. Mi nkagoma nkasema hili lina waranti, lifungwe kama lilivyo. Nkapiga simu dukani, wakasema subiri fundi wa kampuni atakuja, nkasubiri wiki mbili nzima barafu siuzi. Alipokuja hata dakika tano hakumaliza, hakutoa hata kifaa kwenye begi, akasikiliza akasema huu ni umeme mama, waranti haihusu umeme. Afu akaona ndoo na vifuko vyangu akauliza hivi vya nini, mi nkamwambia ukweli, akasema aah kumbe la biashara, basi ndo kabisa. Akaondoka hakuacha hata karatasi.

Dukani sasa wananiambia lete laki tatu na nusu tukubadilishie kompresa, tumekupunguzia kwa sababu we ni mteja wetu. Na nikiwaambia nirudishieni hela wananionyesha chini ya risiti pameandikwa kwa herufi kubwa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kadi ya waranti ninayo, ina muhuri wao, ila sehemu ya serial namba hawakujaza na mi sikuangalia siku ile.

Nyumbani nako moto. Mume wangu kila akipita jikoni anasema si nilikwambia tununue la mtumba la Ulaya, vya siku hizi makaratasi matupu, ona sasa. Anataka nimruhusu fundi wake alifungue yaishe. Wifi anasema twende tukawawashie moto dukani mbele ya wateja. Mi sijui hata nimsikilize nani. Nilipe hiyo laki tatu na nusu? Nimwachie fundi? Kuna mahali mtu anashtaki vitu hivi au ndo imekula kwangu? Na hawa TANESCO hawahusiki kweli?

Mama Barafu, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole. Usilipe hiyo hela, na huyo fundi wa mumeo mwambie akae mbali na hilo friji mpaka nikwambie. Hayo mawili ndo ya haraka, mengine soma taratibu.

Ngoja nikwambie mimi nimekaa kaunta ya duka la vifaa vya umeme kabla sijaanza kuandikia watu humu, kwahiyo hizo sentensi ulizoambiwa nazijua zote, zingine nilikuwa nafundishwa nizisome kwa wateja. "Ni umeme" ndo ya kwanza kabisa. Inapendwa kwa sababu mteja wa Dar hawezi kuibishia, nani asiyekatikiwa umeme? Kila friji lililokufa lina siku umeme ulikatika kabla yake.

Sasa hiyo sauti uliyoniandikia ina maana kubwa kuliko maneno ya mafundi wote wawili. Nyuma chini kuna lile dude jeusi la mviringo, ndo kompresa, moyo wa friji. Kuanza kuzunguka ni kazi, kwahiyo kuna kidude kidogo kimebanwa ubavuni mwake kinaitwa rilei kinachoipa msukumo wa kuanzia, na jirani yake kuna kingine, ovalodi, ambacho kazi yake ni kukata umeme kompresa ikichemka kupita kiasi. Ile "mmmm" ni kompresa inajaribu kuamka inashindwa, inavuta umeme mwingi inapata moto, na ile "tak" ni ovalodi imekata. Ikipoa inaruhusu tena, mmmm, tak. Yani friji lako linajaribu kuwaka siku nzima halifanikiwi, na ndo maana nakwambia lichomoe kwenye umeme sasa hivi kama bado umelichomeka, kila likijaribu linazidi kujiunguza.

Gesi ikiisha haliendi hivyo. Gesi ikiisha kompresa inazunguka vizuri tu, tena haipumziki mchana wala usiku, unaisikia inaunguruma, ila ndani hakuna baridi. La kwako haliungurumi. Kwahiyo fundi wa mumeo amekosea, au hajakosea anatafuta laki na themanini. Na hata ingekuwa kweli gesi imeisha, gesi ya friji haiishi kwa matumizi kama mtungi wa kupikia, inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyozibwa miaka na miaka, ikipungua maana yake pana tundu. Fundi anayekwambia nakujazia gesi bila kukwambia tundu liko wapi, hiyo gesi umeinunulia mtaa.

Halafu kuna jambo lingine kuhusu huyo fundi. Angalia stika nyuma ya friji, kuna aina ya gesi imeandikwa, mengi ya siku hizi ni R600a. Hiyo inawaka moto, na inawekwa kidogo sana, kwenye friji la saizi yako mara nyingi haifiki hata gramu mia, inapimwa kwa mzani. Mafundi wetu wengi wa mtaani mtungi walionao ni wa R134a, ya zamani, wanaweka hiyo hiyo kwenye kila friji kwa kukadiria. Na kuweka ni lazima akate ule mrija mdogo uliobanwa ncha kwenye kompresa afu achomelee. Akishaukata tu, hata mtoto akiangalia anajua friji limefunguliwa, na hapo waranti yako imekufa kihalali, sio kwa maneno ya mtu. Kufungua kibati na kuchungulia sio kosa kubwa, ila ulivyomzuia pale umeokoa kesi yako yote.

Turudi kwenye umeme, maana sitaki nikudanganye. Inawezekana kabisa umeme ndo umeliua. Friji likizima ghafla, upande mmoja wa mabomba unabaki na presha kubwa, inachukua dakika tatu mpaka tano kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo kompresa inaambiwa amka ikiwa imebanwa koo, na kama umeme wenyewe ni hafifu, badala ya volti 230 unakuja 160 na kitu, inashindwa kabisa inaungua taratibu. Ulichoeleza wewe cha taa kufifia kinafanana na hivyo. Ila pia inawezekana ni rilei tu imekufa, ambayo bei yake haifiki hata robo ya kompresa, na inabadilishwa bila kugusa gesi. Na inawezekana kompresa ilitoka kiwandani na kasoro. Haya matatu yote yana sauti moja, mmmm tak.

Kujua ni rilei au ni kompresa kunahitaji mita, ile ya fundi umeme. Anachomoa rilei anapima pini tatu za kompresa, anapata namba tatu, zile mbili ndogo zikijumlishwa zikatoa ile kubwa na hakuna pini inayogusana na bodi la chuma, nyaya za ndani ya kompresa ni nzima. Akiitikisa rilei ikasikika kitu kinacheza ndani kama changarawe, mara nyingi kigae chake kimepasuka. Kazi ya dakika kumi. Sasa we umeniambia huyo mtu wa kampuni hakutoa kifaa chochote kwenye begi. Amejuaje ni umeme? Amejuaje hata kwamba ni kompresa, mpaka dukani wanakutajia laki tatu na nusu? Hapo ndo pa kuwabana. Usibishane nao kama ni umeme au sio umeme, utashindwa. Waombe karatasi inayosema fundi wao amepima nini na amekuta nini. Kwenye waranti anayedai kwamba kasoro imeangukia kwenye kile kisichohusika ndo anatakiwa aonyeshe, na kusikiliza kwa sikio sio kuonyesha.

Nilipokuwa kaunta, mteja aliyekuja anapiga kelele tulikuwa tunamkalisha, tunampa soda, anapoa anaondoka. Mteja aliyetuma maandishi yenye tarehe na namba, huyo bosi alikuwa anauliza "yule mama mmemjibu?" Kwahiyo wifi yako mwambie moto wake auhifadhi, tutamhitaji kwa kazi nyingine. Wewe tuma hii kwa WhatsApp ya duka, na uichapishe nakala upeleke kwa mkono wakusainie wameipokea:

"Habari. Mimi ni mteja wenu, nilinunua friji dukani kwenu tarehe fulani, risiti ya EFD namba fulani, serial namba fulani, likiwa na waranti ya mwaka mmoja. Tangu tarehe fulani halipozi, kompresa inajaribu kuwaka na kukata. Fundi wenu alikuja tarehe fulani, akasema tatizo ni umeme bila kupima kwa kifaa chochote na hakuniachia ripoti. Naomba ripoti ya maandishi ikionyesha kilichopimwa na kilichokutwa, au mje mlichukue mlitengeneze ndani ya waranti. Nasubiri majibu yenu ndani ya siku saba."

Basi, usiongeze matusi wala Mungu anawaona.

Kabla hujatuma, rekodi video. Anza kwenye stika yenye serial namba, iko kwenye ukuta wa ndani karibu na droo ya mboga au nyuma, afu bila kukata video zunguka nyuma, lichomeke mara moja tu, ile mmmm tak isikike, chomoa. Hiyo sehemu ya serial kwenye kadi usiijaze mwenyewe hata kidogo, maana watasema umeghushi. Ipige picha ikiwa tupu hivyo hivyo, kuijaza ilikuwa kazi yao na muhuri wao uko pale. Risiti ya EFD nayo ipige picha leo leo, zile karatasi zinafutika, miezi michache kwenye pochi unabaki na karatasi nyeupe. Nimeona watu wanalia kaunta na kikaratasi cheupe mkononi.

Kuna kitu kingine watu wa Kariakoo hawakwambii. Duka ulilonunua sio lazima liwe wakala wa hiyo chapa. Mali nyingine inapita Dubai na mfanyabiashara yeyote, ikifika hapa wakala rasmi akiangalia serial anasema hii sio yetu. Kwahiyo nyuma ya kadi kama kuna namba ya wakala, piga, wape serial, waulize inatambulika kwenu? Wakisema ndiyo, una mlango wa pili wa kugonga na mara nyingi huo ndo wenye mafundi wenye mita. Wakisema hapana, basi muhuri wa duka ndo waranti yako na huyo "fundi wa kampuni" ungemuuliza kampuni ipi.

Sasa hili la biashara, mwanangu, hapa ndo una kona kali kidogo. Kadi nyingi kweli zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba waranti ni kwa matumizi ya nyumbani tu. Soma yako leo, neno kwa neno, hata kama ni kwa kimombo mpe mtoto wa sekondari akusomee. Kama hilo sharti halimo, mada imekwisha, hawawezi kulitunga sasa hivi. Kama limo, usikate tamaa na usianze kudanganya kwamba barafu zile za watoto. Wewe ulimwambia muuzaji kabla ya kulipa kwamba unataka la kugandishia barafu za kuuza, na yeye akakuchagulia hilo akasema linahimili. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inatambua mteja aliyemweleza muuzaji kazi anayoitaka bidhaa na akategemea ujuzi wake, na inataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Na hapo wifi yako ndo anaingia, yeye ndo shahidi wa maneno ya yule kijana. Aandike leo alichosikia, siku gani, duka gani, asaini. Huo ndo moto wake.

Lile tangazo la MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI lisikutishe. Hilo ni la mtu aliyefika nyumbani akaona rangi haiendani na makochi. Haliwezi kufuta kadi ambayo wao wenyewe wameigonga muhuri siku hiyo hiyo, wala we hujaomba kurudisha kwa sababu umebadili mawazo. Ila nikwambie ukweli, ukidai hela yako yote irudi utazungushwa sana. Dai litengenezwe bure, wakishindwa wabadilishe, hela iwe ya mwisho. Na hasara ya wiki mbili za barafu hizo hesabu kwamba zimeenda, waranti za hivi hazilipi biashara iliyosimama, usiharibu dai zuri kwa kuchomekea lisilolipika.

Siku saba zikipita kimya, au wakikujibu vile vile ni umeme bila ripoti, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Wengi wanawajua kwa kukamata bidhaa feki tu, lakini kumlinda mlaji ni kazi yao kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na sheria hiyo ina sehemu nzima ya masharti ambayo yanahesabiwa yamo kwenye mauzo hata kama muuzaji hakuyaandika. Wana ofisi hapa Dar. Beba nakala za risiti, kadi, ule ujumbe, maandishi ya wifi na video. Mara nyingi duka likisikia tu mteja kaenda huko simu inapigwa jioni hiyo hiyo, kwa sababu hakuna mwenye duka Kariakoo anayetaka wakaguzi waje kwa sababu ya friji moja afu waanze kuangalia na mengine.

TANESCO nao wanahusika, ila njia yao ni ndefu, na inasaidia ukiwa na namba ya taarifa uliyopewa uliporipoti siku ile. Kama majirani nao waliunguliwa vitu jioni ile, andikeni barua moja ya pamoja kwa meneja wa TANESCO wa wilaya yenu mkitaja tarehe na saa, msipojibiwa au msiporidhika mnapeleka EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Ukiwa peke yako na friji moja, bila ripoti ya fundi inayosema umeme ndo sababu, watakuuliza ushahidi na hutakuwa nao. Unaona sasa jinsi hiyo karatasi ya duka inavyokusaidia pande zote mbili? Wakiandika ni umeme, unayo ya kupeleka TANESCO. Wakigoma kuandika, hawana pa kusimama.

Sasa mume wako. Mwambie shangazi kamsikia. Ni kweli utakuta friji zito la Ulaya kwa mama mkwe wa mtu lina miaka ishirini na bado linagandisha, ila mangapi ya rika lake yako kwenye chuma chakavu Tandika, hayo hayapo jikoni kwa mtu ya kusimulia. Anaona lililopona tu. Na hata lililopona lina gharama yake. Friji la zamani mpira wa mlango umelegea, kompresa haipumziki, linaweza kula uniti mbili kwa siku, hizo ni sitini kwa mwezi. Kama mko kwenye ile tarifa ya nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, friji peke yake limemaliza karibu zote, mkivuka mnalipa bei ya wakubwa. Na la mtumba likifa hakuna hata wa kumtumia hiyo WhatsApp. Mengine yanatoka nchi ambazo umeme wao sio kama wetu, Japani ni volti 100, ukilichomeka hapa moja kwa moja limekwisha siku hiyo hiyo. Ila usimwambie haya mbele ya rafiki yake fundi, mwambie mkiwa wawili. Halafu mpe kazi: yeye ndo aende na wewe dukani, mwanaume akisimama pale na kadi mkononi hataendelea kusema makaratasi.

Friji likishapona, usilirudishe kwenye umeme mtupu. Kuna vitu viwili vinauzwa na watu wanavichanganya. Friji gadi inakata umeme ukiwa chini sana au juu sana, na ukirudi inasubiri dakika kama tatu ndo iruhusu, hiyo ndo dawa ya kukatika na kurudi kwa haraka kama jioni ile yako. Lakini haiongezi umeme. Kama kwenu kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne taa zinafifia kila siku, gadi italizima friji muda wote huo na barafu zako hazigandi, hapo unahitaji stabilaiza inayoinua volti. Mwite fundi umeme apime kwenu usiku, sio mchana, ndo ujue ununue ipi. Na friji lichomekwe ukutani peke yake, sio kwenye ekstensheni moja na pasi na jagi la kuchemshia maji, nawajua.

Angalia pia ile stika, kuna herufi za hali ya hewa. N maana yake limetengenezwa kwa chumba cha mpaka nyuzi joto 32, T linavumilia mpaka 43. Chumba cha bati bila dari Mbagala mwezi wa pili kinavuka 32 kirahisi, kwahiyo kama lako ni N, tena limebanwa ukutani karibu na jiko, linafanya kazi linakimbia muda wote. Lisogeze mbele kama upana wa kiganja nyuma yake pawe na hewa. Na ubuyu uache upoe kabisa kwanza, usiingize vifuko vyote kwa mkupuo, weka nusu jioni nusu kabla ya kulala. Biashara ikikua nunua friza ya kulala, ile imetengenezewa hiyo kazi, hili la milango miwili libaki la nyanya na maziwa.

La mwisho, wakikubali kutengeneza, na mimi naona watakubali, usiwaachie tu friji liondoke na kirikuu. Waandike kwenye karatasi wamelichukua tarehe ngapi likiwa na hali gani, mikwaruzo ipo au haipo. Likirudi waulize wamebadilisha nini na uwaambie wakuonyeshe kile cha zamani walichokitoa. Kama ni kompresa mpya waandike kwenye kadi tarehe iliyofungwa na waranti yake inaanza kuhesabiwa lini, maana ile miaka mitano waliyokutajia ya kompresa, ukishavuka mwaka wa kwanza mara nyingi ni kifaa chenyewe tu, gesi na mkono wa fundi unalipa wewe. Bora mkubaliane hayo kaunta kabla hujasaini. Na kama kilichokufa ilikuwa rilei tu, naomba uniandikie tena uniambie, nataka kujua walivyokuwa wamepanga kuifanyia nini ile laki tatu na nusu.